Kwa Niaba ya Mwalimu

Barua ya bodi ya shule ililetwa Jumanne asubuhi na tarishi ambaye hakutaka hata kuketi. Aliingiza mkono dirishani, akaiweka bahasha juu ya meza ya cherehani, kati ya kopo la vifungo na mkasi, akasema, "Ya Mwalimu hiyo, Mama," kisha akaenda zake upesi upesi kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba.

Huyo mama mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa ameshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao kwa miaka ishirini na sita, na ilikuwa shida kumpata mtoto wa mtaa ule ambaye hakuwahi kupimwa kiuno na mikono yake. Mumewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari iliyo mwisho wa barabara. Wanafunzi walimwita Koma. Wapo waliosema jina hilo lilitokana na alama ya mkato, ambayo aliipenda kupita kiasi, na wapo waliosema hilo ndilo neno alilowaambia watoro akiwakamata nyuma ya vyoo. Mwenyewe alilijua jina hilo na akajitia halijui. Siku moja tu Fundi alimfumania akicheka peke yake mezani.

"Wamenipatia," alisema. "Afadhali Koma. Wangeniita Nukta ningekuwa nimeisha."

Miezi minne kabla ya barua hiyo, Mwalimu alianguka mbele ya darasa, katikati ya sentensi aliyokuwa akiiandika ubaoni. Kiharusi. Alilazwa hospitali wiki tatu. Aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu wa kulia ukiburuza, na maneno yote ya lugha mbili alizozimudu yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: bado.

"Umeshiba, Mwalimu?"

"Bado."

"Nikusogeze kivulini?"

"Bado," huku akishika mkono wa kiti ili asogezwe.

Hata daktari alipomwonyesha Fundi kwa kidole na kumuuliza huyu ni nani wako, Mwalimu alimtazama mkewe kwa macho yaliyojaa, akahangaika na midomo, akatokwa na jasho, na mwishowe likatoka lilelile: "Bado." Fundi alitoka nje akajiegemeza ukutani. Daktari alimfuata, akamweleza kwamba maneno yamo kichwani, ila njia ya kutokea ndiyo imeziba, na kwamba huenda kusoma kumesalia.

Kulikuwa kumesalia. Wiki ya pili nyumbani, Mwalimu alivuta gazeti la Kiingereza lililofungiwa kitambaa cha mteja, akatafuta kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati lake la zamani, na kwa mkono wa kushoto, ulimi ukiwa nje kama mtoto wa darasa la kwanza, akaanza kuzungushia makosa. Fundi alipoiona duara ya kwanza aliduwaa, pasi ikaunguza kola ya shati. Hakujali. Mumewe alikuwamo humo ndani.

Basi barua ilipofika, Fundi alimfungulia, akamwekea magotini. Mwalimu aliisoma mara mbili. Akaichukua kalamu yake nyekundu, akazungushia kitu fulani katika mstari wa kwanza, kisha akaitupa juu ya meza na kugeukia dirishani. Fundi alizoea kumwona akisahihisha kila karatasi iliyopita mbele yake, hata maelezo ya kwenye chupa ya dawa, kwa hiyo hakuangalia alichozungushia. Yeye alitaka kujua barua imesema nini.

Shule Fundi aliiacha mapema, lakini Kiingereza kilimwingia kwa masikio. Kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa akisahihisha insha jioni katika chumba hichohicho cha cherehani, akisoma kwa sauti sentensi zilizomfurahisha na zilizomuudhi, na Fundi akipinda mapindo huku akisikiliza. Alijua mengi kuliko alivyodhani. Aliisoma barua taratibu, kidole chini ya mstari. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha kuvaa tai. Bodi ilimpa Mwalimu pole. Bodi ilitaka kujua kama yuko tayari kustaafu kwa sababu za afya. Jibu lifike kabla ya kikao cha Ijumaa ya wiki itakayofuata, nalo liandikwe kwa Kiingereza rasmi, na Mwalimu mwenyewe au na mtu atakayeandika kwa niaba yake.

Binti yao, aliyefanya kazi maabara katika mji wa mbali, alipopiga simu Fundi alimsomea yote.

"Mama, wakubalie tu," binti alisema. "Baba amefundisha vya kutosha. Sasa apumzike."

"Ndivyo nilivyowaza na mimi."

Mwalimu alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka kwenye simu. Hakuna aliyemgeukia.

Siku ya pili, baada ya kukabidhi kaptura za watu, Fundi alifuta meza, akatandika karatasi safi, akaandika. Alianza na maneno aliyokuwa na uhakika nayo, maana aliyasikia mara nyingi wakati Mwalimu akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuandika barua rasmi: "I am writing on behalf of my husband." Naandika kwa niaba ya mume wangu. Kisha akaandika kwamba Mwalimu anaishukuru bodi na anakubali kustaafu. Mistari saba. Alitoka jasho kuliko siku ya kushona gauni la bi harusi.

"Nisahihishie, Mwalimu."

Mwalimu alisoma. Aliweka mkato baada ya salamu. Aliongeza herufi iliyosahaulika katika neno moja. Kisha akarudi juu, akayapiga mstari mwekundu yale maneno ya kwanza, "on behalf of", mstari mnene, akaurudia mara ya pili.

"Nimekosea?" Fundi aliuliza.

"Bado."

Alichukua karatasi nyingine. Labda ni "in", siyo "on". Alinakili barua nzima upya akiwa amebadilisha hapo tu. Mwalimu alipiga mstari. Alhamisi alijaribu kuongeza kijineno katikati, "on the behalf of". Mstari. Ijumaa akabadilisha mwisho, akaandika "on behalf for", ingawa sikio lake lilikataa. Safari hiyo Mwalimu alipiga mstari kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Fundi alikuwa mtu wa kufumua. Mshono ukienda upande aliufumua bila kulalamika, hata mara tatu. Lakini mshono alijua unakwenda wapi. Hapa alikuwa anafumua gizani.

"Haya niambie basi linatakiwa neno gani!" alisema. "Nioneshe. Andika juu yake, kama unavyowafanyia wanafunzi wako."

Mwalimu alijaribu. Ncha ya kalamu ilitetemeka juu ya karatasi, ikaacha vidoa vitatu vyekundu, ikasimama. "Bado," alisema. "Bado, bado."

"Bado nini, Mwalimu? Siku zinakwisha! Kama maneno yangu hayakufai, andika barua yako mwenyewe!"

Maneno yakishatoka hayafumuliwi. Mwalimu aliiweka kalamu chini polepole, akageuza uso. Upande wake wa kushoto, ule uliokuwa na uhai, ulikaza. Wa kulia ulibaki umelegea kama siku zote. Fundi alisimama akiwa ameshika mgongo wa kiti. Alitaka kusema samahani. Akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi asubuhi alizikunja zile karatasi nne, akavuka barabara hadi kwa Bi Sekretari. Huyu alikuwa bibi mwembamba aliyefanya kazi ya ukatibu muhtasi katika ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na nne, akapokea na kuaga wakubwa kumi na mmoja, na mpaka leo, akiwa amestaafu, alinyoosha mgongo kila alipoona karatasi ya barua.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgonjwa wetu?"

"Anaendelea. Mama, kuna maneno yananishinda. Naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa."

Bi Sekretari alivaa miwani, akazipanga karatasi nne mezani kama mtu anayepanga karata. Akasoma. Akagonga ya kwanza kwa ukucha.

"Hii ndiyo sahihi. Hizi nyingine tatu umekwenda ukijipoteza. Barua rasmi inataka hivihivi ulivyoandika mwanzo, hapunguzi mtu wala haongezi."

"Basi kwa nini ameyakata? Mwalimu hakosei jambo kama hilo."

"Huenda akili—"

"Akili yake haina kasoro," Fundi alidakia, na kwa sauti iliyowashangaza wote wawili. "Samahani, Mama."

"Hapana, umefanya vizuri." Bi Sekretari alivua miwani. "Basi tuseme akili yake haina kasoro. Sikiliza. Mkubwa wangu wa tatu, yule mfupi, alikuwa mkali sana juu ya maneno haya. Siku moja nilijibu barua kwa niaba yake, hakuwapo, nilijua angesema nini, nikaandika tu. Kiingereza kilikuwa safi kabisa. Aliporudi akaniita. Akaniambia, Sekretari, maneno haya umeyatumia vibaya. Nikamwonyesha kamusi! Akasema, sisemi tahajia. Nasema, nilikutuma? Kama sikukutuma, basi hukuandika kwa niaba yangu. Umeandika kwa niaba yako ukaweka jina langu." Alizisogeza karatasi kuelekea kwa Fundi. "Nilinuna wiki nzima. Lakini alikuwa na haki. Hebu niambie, mwanangu, Mwalimu amekutuma uiambie bodi kwamba anakubali kuacha kazi?"

Fundi aliivuta ya kwanza karibu. Akaisoma tena.

"Ulimuuliza?"

Nje mtu alikuwa akiita kuku wake. Fundi alizitazama karatasi nne, mistari minne myekundu, yote mahali pamoja. Hakuwahi kumuuliza. Alimuuliza kama ameshiba, kama anaona baridi, kama anataka mto. Jambo hili moja hakumuuliza, wala binti hakumuuliza, wala bodi.

"Nenda nyumbani," Bi Sekretari alisema kwa upole. "Ukiwa na barua, ilete nitaichapa."

Alimkuta Mwalimu pale pale, kwenye kiti chake karibu na dirisha, jua likiwa limefika magotini. Fundi hakufungua kitambaa cha kichwa. Alivuta kigoda akaketi mbele yake, chini kidogo, ili macho yao yakutane.

"Mwalimu. Unataka kuacha kufundisha?"

"Bado," alisema Mwalimu, na akaegemea mbele.

Fundi alikaribia kulia. Hilo lilikuwa jibu, au lilikuwa ni lile neno tu, lile linalotoka hata akiulizwa juu ya chumvi? Hakutaka tena kumwekea maneno mdomoni. Alifikiri. Kisha akainuka, akakata vipande viwili vya karatasi ya kukatia mitindo. Kimoja akaandika: Nataka kupumzika nyumbani. Kingine: Nataka kurudi kazini. Akaviweka juu ya mapaja ya mumewe.

Mwalimu alikivuta cha pili.

Fundi alivichukua, akavichanganya nyuma ya mgongo, akavipanga upya, cha kazini kikiwa upande wa kulia, mbali na mkono unaofanya kazi. Mwalimu alijinyoosha, akapita juu ya kile cha karibu, akakivuta kilekile. Mara ya tatu Fundi alivigeuza juu chini. Mwalimu alitoa mlio wa mtu aliyechoshwa na mwanafunzi mzito, akavigeuza mwenyewe, akakishika kile cha kazini, akakibandika kifuani.

"Nimeelewa," Fundi alisema. "Basi. Nimeelewa."

Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, halafu akasema yale ambayo hakuwa amemwambia mtu, hata binti yake.

"Mimi ninaogopa, Mwalimu. Siku ile waliponiita nilikukuta umelala sakafuni, koti la mtu chini ya kichwa chako, watoto wako dirishani wanalia. Nilikuja na futi shingoni, sikujua hata kama nimeacha mlango wazi. Ukiwa hapa, nikiinua kichwa ninakuona. Ndiyo maana niliandika upesi. Nilijiambia ni kwa ajili yako." Alikunja upindo mkononi. "Ilikuwa kwa ajili yangu."

Mwalimu aliweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha mkewe, juu ya kitambaa, mzito na wa moto.  Mteja mmoja alichungulia dirishani kuuliza sketi ya mwanawe, akaona alichoona, akarudi zake kimyakimya.

Baadaye Mwalimu alianza kuhangaika, akinyooshea kidole meza ya kukatia. Fundi alimsaidia kusimama, wakafika. Alichukua chaki ya bluu ya kuchorea nguo, akachora mezani mstari mmoja uliosimama wima, mfupi.

"Nikate hapo?" Fundi aliuliza, kwa mazoea.

"Bado!" Akachora mwingine. Safari hii akaongeza kijistari juu na kijistari chini.

Fundi aliinamisha kichwa. Siyo alama ya kukata. Ni herufi. Ni neno zima, kwa kweli, neno la Kiingereza la herufi moja tu, ambalo huandikwa kwa herufi kubwa hata likiwa katikati ya sentensi. Mimi.

"Unataka barua iseme 'mimi'," alisema taratibu. "Siyo mimi nikisema juu yako. Wewe useme. Mimi niwe mkono tu."

Mwalimu alifumba macho, na bega lake la kushoto, lililokuwa limepanda tangu Jumanne, likashuka.

Waliandika Jumapili yote. Fundi aliandika sentensi za Kiswahili kwenye vipande vya karatasi, Mwalimu akachagua, Fundi akazitia kwenye Kiingereza chake, Mwalimu akasahihisha. Ilikuwa kazi ya polepole na, baada ya saa ya kwanza, ya kufurahisha. Walibishana. Fundi alitaka kueleza kiharusi kwa mistari mitano, Mwalimu akakata minne. Fundi alitaka kuomba kwa unyenyekevu, Mwalimu akakata unyenyekevu wote.

"Una kiburi wewe," Fundi alimwambia.

Nusu ya uso wa Mwalimu ilitabasamu.

Barua ilisema: mimi sijamaliza kazi yangu. Siwezi kusimama mbele ya darasa, lakini ninaweza kusoma na kusahihisha, na naomba nipewe kazi hiyo. Kuelekea mwisho Fundi alitaka iingie sentensi ya kusema kwamba wamelijadili nyumbani na wamekubaliana, ili bodi isidhani mzee amejiamulia peke yake. Aliandika kama Kiswahili kinavyotaka, mimi kwanza, mke wangu baadaye: "I and my wife".

Mwalimu alichora kamba nyekundu iliyopita juu ya neno la kwanza na chini ya mengine, alama ya kubadilishana nafasi. Fundi aliiangalia mpaka akakumbuka somo alilolisikia mara mia akiwa na sindano mdomoni. Katika Kiingereza anayesema hujiweka nyuma, humtanguliza mwenzake. Aliandika upya: "My wife and I."

"Kumbe hapa natangulia mimi," alisema.

Mwalimu aligonga maneno hayo kwa kidole, mara mbili, akamtazama. Hakukata kitu tena.

Bi Sekretari aliichapa Jumatatu kwenye kompyuta ya mjukuu wake, akalalamikia kibodi. Alipofika chini aliuliza kwa mazoea ya kazi, "Sahihi nani anaweka? Wewe, kwa niaba?"

"Anaweka mwenyewe."

"Ataweza?"

"Acha nafasi kubwa."

Ilichukua karatasi tatu. Sahihi iliyotoka ilikuwa pana, imepinda, kama pindo la mwanafunzi wa kushona siku yake ya kwanza. Mwalimu aliitazama kwa aibu. Fundi aliipuliza wino ukauke, akaitia kwenye bahasha kabla hajaomba kuirudia.

Kikao kilifanyika Ijumaa. Jumamosi mkuu wa shule alipiga hodi mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vilivyong'arishwa, na ujana wake wote wa shule aliupitisha katika darasa la Koma. Alipiga goti kidogo mbele ya kiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Bado," Mwalimu akaitika.

Fundi na mkuu wa shule walitazamana, kisha Mwalimu mwenyewe akaangua kicheko, kicheko cha upande mmoja, nao wakamfuata mpaka mkuu wa shule akashika mbavu.

Lakini alikuwa amekuja na jambo. Aliketi, akaweka mkoba magotini.

"Sitaki kuwaficha. Barua imewagusa wengi. Ila wajumbe wawili wamesema, hii imeandikwa na Mama. Mtu anayesema neno moja, tutajuaje kwamba haya ni mawazo yake? Mimi nimewaambia nitakuja kuona. Nimebeba insha ishirini, kama Mwalimu hatakasirika kupimwa."

Alipokuwa akitafuta mahali pa kuziweka, aliiona barua ya bodi ikiwa bado pale kwenye kona ya meza ya cherehani, chini ya kopo la vifungo. Aliitambua, maana yeye ndiye aliyeiandika. Aliona pia duara nyekundu katika mstari wa kwanza. Aliivuta, akaisogeza karibu na macho.

"Hapa pana nini?"

Fundi alisogea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiangalia duara hiyo. Maneno yalikuwa ya kawaida, yale ya kufungulia barua rasmi, kuhusu jambo fulani: "with regards to". Mwalimu alikuwa amezungushia herufi moja tu, ile "s".

Mkuu wa shule aliganda. Kisha uso ukaanza kumwiva.

"Haitakiwi," alisema kwa sauti ndogo, sauti ya msichana wa darasani. "Ukiiweka hiyo herufi inakuwa salamu. Nimeandika 'pamoja na salamu kwa kustaafu kwako'." Alimgeukia Mwalimu. "Nimeandika hivi miaka kumi na tano, Mwalimu. Kwa wizara, kwa wazazi, kwa kila mtu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia."

Mwalimu aliinua kiganja cha kushoto, kama mtu anayesema, mimi ndiyo nimekuambia sasa.

"Mama, wewe ulikuwa unalijua hili?"

"Wapi! Mimi nilikuwa napigana na 'on behalf of'," Fundi alisema. "Nilipigana nalo siku tatu nzima."

Insha hazikusahihishwa siku ile. Mkuu wa shule alikunywa chai, akaikunja ile barua yake yenye duara, akaomba ruhusa ya kuondoka nayo. "Hii nawasomea wajumbe wangu," alisema. "Nitaaibika mimi, lakini watanyamaza."

Wakanyamaza. Mwalimu alipewa muhula mmoja wa majaribio: chumba kidogo kando ya maktaba, meza, kiti chenye mikono, na insha za madarasa yote. Wanafunzi wangeingia mmoja mmoja, kila mmoja na insha yake, akae aoneshwe.

Siku ya kwanza Fundi alimsindikiza. Mwendo wa dakika kumi uliwachukua karibu saa nzima. Alikuwa amempigia shati pasi mara mbili na kumhamishia vifungo vya mikono upande atakaoweza kuvifunga. Mlinzi wa getini alipiga saluti. Walipofika kwenye kile chumba, msichana mmoja alikuwa ameshasimama mlangoni, daftari limekumbatiwa kifuani, macho chini kwa woga. Fundi aliingia ili amweke Mwalimu vizuri, avute na kiti cha pili akae pembeni, awe anamsemea inapobidi. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Hata sindano na uzi alibeba.

Mwalimu alimshika mkono, akautikisa, kisha akaelekeza mlango kwa kidevu. Hakukuwa na ukali. Fundi alimtazama, akamtazama na yule msichana.

"Haya," alisema. "Nitarudi saa tisa."

Alikaa kidogo nje ya dirisha kabla hajaondoka. Hakusikia neno. Alisikia ukurasa ukifunuliwa, kalamu ikikwaruza, kimya kirefu, halafu msichana akisema, "Aaa! Nimeona, Mwalimu," kwa furaha ya mtu aliyegundua mwenyewe.

Saa tisa alimkuta amechoka hoi, shati limetoka nje ya suruali. Mtunza maktaba alimwambia kwamba Mwalimu amewatoa nje wanafunzi wawili waliopiga kelele wakisubiri zamu, bila kufungua mdomo, kwa jicho tu, na kwamba kwa kesho wamejiandikisha kumi na wanane. Fundi alimpa bega, wakatoka.

Walipumzika kwenye ngazi za posta, wakapumzika tena kwenye benchi la muuza magazeti. Mahali pa tatu palikuwa mbele ya mwanamke aliyeuza machungwa. Mwalimu hakutaka kupita. Alichagua mawili, akayapima uzito kwa mkono wa kushoto, akamkabidhi muuzaji ayamenye. Wakayala palepale wamesimama, yeye ameegemea ukuta na Fundi amemwegemea yeye, maji ya machungwa yakiwachuruzika hadi kwenye viwiko, na watu wakiwapita pande zote mbili kuwahi makwao.